Kurasa Mbili za Batu Lesung

Batu Lesung, juu ya Ambon
14 Februari 2011

Mdogo wangu Dominggas,

Nakusalimu kutoka mlimani, wewe na wote wa nyumba yako huko Fakfak. Miguu yangu imekataa ngazi tangu Krismasi. Daktari wa mjini anasema moyo umechoka kama pampu ya kisima cha zamani. Hakuniambia umebakiza muda gani, nami sikumwuliza. Nimefundisha hesabu miaka thelathini na sita, naweza kukisia. Masikio nayo yananisaidia tu mtu akinipigia kelele, ndiyo maana sipokei simu zako. Usikasirike. Karatasi bado naisikia.

Karafuu zimezaa vizuri mwaka huu. Yulita, mjukuu wako, hajambo. Anasoma, anakula, yuko mwaka wa mwisho chuoni. Asubuhi ananisuka nywele, na ana vidole vyako vile vile. Siku nyingine namwambia yatosha kabla hajamaliza.

Sasa jambo lililonifanya nishike kalamu. Mji unatengeneza kitabu cha mitaa yake yote, na Izak, mwenyekiti wetu, alikuja kuniona. Unaijua sauti yake, ile ya kuuzia samaki.

"Usi Mina," akanipigia kelele sikioni (bado wananiita Usi, dada mkubwa, hata wazee wenzangu), "kila mtaa umepewa kurasa mbili. Tusipoandika watatuacha nje, kama walivyotuacha kwenye ramani."

"Mpe kijana mwenye kompyuta."

"Kijana ana kompyuta, kumbukumbu hana. Wewe unayo yote."

"Yangu imeliwa na mchwa."

"Basi andika walichobakiza mchwa, Usi. Ukifa na hayo, mimi nitamwuliza nani? Mbuzi?"

Ana haki. Dereva wa mjini ukimwambia Batu Lesung, anakuuliza ni Batu gani, kisha anakushusha sokoni chini ili upande mlima kwa miguu. Nyumba mia moja na kumi na mbili, visima viwili, kanisa moja, na hakuna anayejua tupo. Kwa hiyo nimekubali. Nisaidie: baba zetu walipohamia hapa mwaka 1951, familia zilikuwa kumi na saba au kumi na tisa? Na kisima cha juu kilichimbwa kabla ya shule au baadaye?

Izak anataka pia aya nzima juu ya udugu wetu na watu wa Waitila, ng'ambo ya ghuba. Hiyo nitaiandika mwenyewe. Usijisumbue nayo.

Dada yako,
Welmina


Fakfak, 20 Machi 2011

Kwako Usi,

Nimepokea barua, nimeibusu, nimeisoma mara mbili. Goti langu la kushoto limevimba ila natembea. Mwanangu anakausha kungumanga uani, nyumba yote inanukia, hata mto wangu. Pole kwa moyo. Kunywa maji ya moto, usipande ngazi, na usijifanye mwalimu mbele ya daktari.

Familia zilikuwa kumi na nane. Kumi na saba umewasahau wale waliokuja na mashua ya pili, kumi na tisa sijui umemwongeza nani. Kisima kilitangulia shule. Nakumbuka kwa sababu mimi ndiye niliyechota maji ya kuijengea, wewe ukaenda kufundisha humo.

Sasa na mimi nina jambo, na nitalisema bila kuzunguka. Unaniandikia Yulita anasoma, anakula! Yulita ameniandikia mwenyewe. Ana mchumba, jina lake Hermanus, wanamwita Manu, mjukuu wa Elifas wa Waitila. Walionekana wameketi pamoja nyuma ya kanisa, na sasa wazee wa pande zote mbili wanasema ni ndugu, wamevunja pela, kile kiapo cha udugu wa vijiji. Wanataka kuwavika majani ya mnazi na kuwapitisha mtaani watu wakiwazomea, kama tulivyosikia zamani kwa bibi. Mtoto amekuandalia chai asubuhi huku anaogopa kutoka mlangoni, nawe wasema anakula.

Usi, wewe ni mtu wa vitabu, hebu niambie. Huo udugu wetu na Waitila uliandikwa wapi? Mimi najua tu kwamba wewe ndiye uliyeusoma.

Mdogo wako,
Inggas


Batu Lesung, 11 Aprili 2011

Mdogo wangu,

Salamu. Mvua zimeanza, paa la jikoni linavuja, Yulita ameweka sufuria. Wazee wamekubali kungoja hadi Juni kwa sababu niliwaambia ni mitihani. Hilo tu ndilo nililolifanya.

Barua yako iko mezani kando ya karatasi za Izak. Kwenye karatasi zake nimeandika hivi: "Wakazi wa Batu Lesung na watu wa Waitila ni pela, yaani ndugu wa kuchanjiana. Mmoja akiomba, mwingine hana ruhusa ya kukataa. Wala hawaoani, kwa kuwa mababu zao walikunywa damu katika kikombe kimoja." Hapo kalamu ikasimama. Nimekaa nayo siku nne. Sitaki kufa nikiwa nimeuandika uongo ule kwa mara ya tatu.

Unakumbuka mwaka 1956. Elifas alikuwa akivuka ghuba kila Jumamosi kuwafundisha watoto wa kanisa kupiga filimbi za mianzi. Jioni alikaa barazani kwetu, akaazima vitabu vyangu, akavirudisha na jani la karafuu ndani, ukurasa alipofikia. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Wewe ulikuwa unapita na ndoo. Sikujua kwamba mtu anaweza kusoma vitabu vya mmoja huku macho yake yako kwenye ndoo ya mwingine.

Wazee wa Waitila walipokuja kuposa na sahani ya tambuu na kitambaa cheupe, mimi nilivaa blauzi yangu ya harusi za watu. Nilikuwa nimeshika trei ya kahawa mzee wao alipotaja jina lako. Sikuimwaga. Watu walinisifu baadaye kwamba nina mikono imara.

Baba, kama desturi, akasema kwanza tuangalie kama hakuna undugu kati yetu. Akaleta mkebe wa babu. Ndani mlikuwa na karatasi moja tu, ya Kiholanzi, na mle barazani mwenye Kiholanzi alikuwa mimi. Baba akanipa. Ilikuwa barua ya mchungaji wa Kizungu, akieleza kwamba babu ni mtu mwaminifu, afaa kupewa kazi ya kupiga kengele. Mistari saba.

Mimi nikasoma mistari ishirini. Nikasoma kwamba mashua ya babu ilizama, kwamba watu wa Waitila walimwokoa, kwamba walijichanja vidole wakakinga damu katika tembo, wakanywa, wakaapa kuwa ndugu vizazi vyote. Sijui maneno yalitoka wapi. Yalikuja yamepangika, kama somo nililoliandaa.

Mzee wa Waitila alilia. "Kumbe ninyi ni ndugu zetu, na sisi tumekuja kuwaoa! Mungu ametuokoa!" Wakakumbatiana na baba, wakacheka, wakamaliza kahawa yote. Wewe uliingia ndani. Elifas akaja mbele yangu, uso mweupe kama unga wa sago, akasema, "Asante, dada Mina."

Dada. Hapo ndipo nilipofahamu. Pela ni ya kijiji kizima kwa kijiji kizima. Nilikuwa nimekufungia wewe mlango, kumbe na mimi nimesimama upande ule ule.

Mwezi uliofuata ulipanda meli kwenda Fakfak. Yeye alioa msichana wa Seram.

Ningalisema zamani, lakini uongo ule ulikua ukawa mti, watu wakakaa kivulini mwake. Waitila walituletea mbao za kanisa. Na mwaka 1999 mtaa wetu ulipochomwa katika yale machafuko, walitupokea watu mia nne, wakakaa nasi miaka mitatu, wakakata misago, miti ya sago waliyowawekea wajukuu wao, ili sisi tule. Mzee mmoja wao aliniambia, "Pela haihesabu, Usi." Nikala, nikanyamaza.

Nikisema, nawavunjia watu mia nne udugu uliowaweka hai. Nisiposema, mjukuu wako atavikwa majani. Niambie wewe.

Wala usidhani nimekuwa mtu mwema ghafla. Jana nilimwona Yulita dirishani akitabasamu peke yake, na moyo uliniuma vile vile kama siku ya trei.

Welmina


Fakfak, 29 Mei 2011

Usi,

Sisi wazima. Mwanangu amepata mtoto wa tano, msichana, amempa jina lako, nilimkataza, hakunisikia. Goti ni lile lile.

Barua yako ilinifikia Aprili. Meli haina kosa, kosa ni langu. Nilikuwa kila nikianza kujibu naona hasira zangu zimezeeka, hazijui pa kusimama.

Nisikilize vizuri. Nilijua.

Unakumbuka nilifua nguo kwa yule nesi wa Kiholanzi mjini, miaka miwili? Watoto wake walinifundisha kusoma lugha yao jikoni, mimi nikipiga pasi. Sikukwambia. Kila kitu cha kusoma nyumbani kilikuwa chako: taa ilikuwa yako, meza ilikuwa yako, baba akisema "msomi wangu" hakuwa akinitazama mimi. Hili nilitaka liwe langu. Na karatasi ya mkebe nilikwisha kuisoma mwaka mmoja kabla yako. Mpiga kengele. Mistari saba, kweli.

Ulipokuwa unasoma yale ishirini nilikuwa nyuma ya pazia. Ningeweza kutoka nikasema, "Usi, soma tena, taratibu." Sikutoka. Unataka kujua kwa nini? Elifas sikumpenda. Nilimkubali kwa sababu wewe ulimtaka. Siku zote wewe ulipewa, safari hiyo nilipewa mimi, nikaona tamu. Na uliposoma uongo wako, mimi niliuona mlango wote, pande zote mbili, kabla hujauona wewe. Nikanyamaza ili nikuone ukimwita kaka.

Basi, tumeshasema. Sasa acha kujipiga kifua kwa ajili yangu, fanya jambo kwa ajili ya mtoto.

Lakini umesema nusu. Yulita ananiandikia kwamba wazee hawaitegemei karatasi ya babu hata kidogo. Wanasema damu ilinywewa kweli, mbele ya macho yao, mwaka 1974. Mwaka huo mimi nilikuwa huku, nimekwisha kumzika mume wangu. Mwaka 1974 kulitokea nini, Usi?

Inggas


Batu Lesung, 2 Julai 2011

Dominggas,

Salamu kwako na kwa huyo mdogo mwenye bahati mbaya ya jina langu. Naandika kwa vipande, mistari michache kila siku. Yulita amefaulu mitihani.

Barua yako niliichoma. Nikatamani baadaye niwe nayo niisome tena.

Uliuliza. Mwaka 1974 wazee walitaka kuupasha moto ule udugu, kama inavyofanywa ili usipoe. Wazee wa Waitila wakaja na neno. "Tukubaliane safari hii tufunge pela ya tambuu," wakasema, "ile nyepesi. Tusaidiane vile vile, ila vijana wetu wakipendana waoane. Dunia imebadilika." Wazee wetu nusu walikwisha kuitikia. Mimi nilikuwa mwandishi wa kikao.

Mke wa Elifas alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Mume wako naye. Nawe ulikuwa umeniandikia kwamba umechoka na Fakfak, huenda ukaja Krismasi. Siku moja kabla ya kikao Elifas alinikuta kisimani. Akaniita Mina, bila dada. Akasema, "Mina, wazee wakikubali ile ya tambuu, kuna jambo nitakuja kulisema nyumbani kwenu." Nikamwambia nina haraka. Sikutaka kulisikia jina lako kinywani mwake kwa mara ya pili.

Kesho yake nilisimama kikaoni na mkebe wa babu mkononi. Nikawauliza, "Mababu walikunywa damu, ninyi mtawapa tambuu? Mnawaonea aibu?" Hakuna mzee anayeweza kujibu hilo. Kiapo nilikiandika kwa mkono wangu, na neno la kukataza ndoa nikaliweka juu kabisa. Wakajichanja, wakanywa. Na mimi nilikunywa. Elifas alikinywa kikombe hadi chini, hakunitazama.

Kwa hiyo wazee wana haki. Uongo wa kwanza ulikuwa wa karatasi. Wa pili ni wa damu kweli.

Baada ya kukuandikia hayo kichwani mara nyingi, nilimwambia Izak aite pande zote mbili. Walikuja Jumapili iliyopita, watu sitini, wakanibeba na kiti hadi uwanja wa kanisa. Nilisoma barua ya mpiga kengele neno kwa neno, kisha nikasema habari za 1974, zote. Mama Naatje wa Waitila, unamkumbuka, yule mfupi, sasa ndiye mkubwa wao, akasimama karibu na sikio langu.

"Yaani tulikata misago mia kwa ajili ya mpiga kengele?"

Mtu mmoja akacheka, wote wakacheka, hata mimi. Kisha wakamgeukia Izak.

Izak akasema kwa unyonge, "Mama, mnaweza kutudai misago yenu. Ni haki yenu."

"Nani amesema habari ya kudai?" akamfokea. "Wewe mtoto ulikula kwangu miaka mitatu, wanao wakikojoa kwenye mkeka wangu, leo uniambie si ndugu yangu kwa sababu ya karatasi? Damu ya 1974 niliinywa mimi, si babu yako. Udugu hautoki."

"Na watoto?" Yulita akauliza. Alisema peke yake, mbele ya watu sitini. Mimi katika umri wake nisingethubutu.

Walikaa hadi jua likaegemea. Uamuzi wao ni huu. Udugu unabaki. Neno la ndoa liliwekwa kwa kijicho, si kwa mababu, kwa hiyo linaweza kufutwa. Lakini kiapo cha damu hakifutwi bure: lazima aliyekivunja avae majani, apitishwe, azomewe, ndipo mababu wajue deni limelipwa. Wakawatazama Yulita na Manu.

Nikasema, "Aliyekivunja ni mimi. Nilikivunja siku ile ile niliyokiandika."

Mama Naatje akaniuliza kama ninajua nina miaka mingapi. Nikamwambia themanini na mmoja. Akasema, "Basi tutakwenda polepole."

Itakuwa Jumamosi ya tarehe 13 Agosti. Siku hiyo hiyo watoto watatangaziwa uchumba.

Welmina


Fakfak, 24 Julai 2011

Usi wangu,

Salamu tuziache leo.

Nakata tiketi. Meli inaondoka tarehe 8, inafika huko asubuhi ya tarehe 11. Waambie wakate majani ya watu wawili. Mimi nilijua nikanyamaza, na kunyamaza kwangu ndiko kulikokipa kiapo miguu. Tutatembea pamoja, goti langu na moyo wako, tutawachosha wanaozomea.

Lakini kuna jambo moja ambalo nikilinyamazia nitakuwa nimerudia kosa lile lile.

Mwaka ule nilitaka kuja Krismasi nile uji wa sago na mchuzi wa samaki. Sikutaka kuolewa na mtu. Elifas hakuwahi kuniandikia, si kabla, si baada, hata mstari mmoja. Nilipokuja kumzika baba mwaka 1979 alinipa mkono kama unavyompa mke wa mtu usiyemjua, kisha akaniuliza kama bado unasoma usiku na kuharibu macho.

Alikwambia atakuja kulisema jambo nyumbani kwenu. Mwaka 1974, Usi, katika nyumba ile ulikuwa unaishi na nani? Baba alikwisha kuhamia kwa mjomba. Ulikuwa peke yako.

Na hakuoa tena hadi alipokufa. Jambo hilo hukuliwaza?

Inggas


Batu Lesung, 3 Agosti 2011

Dominggas,

Nimeisoma barua yako. Yulita aliniona nikiisoma, akaniuliza kama moyo unauma, nikamwambia alete maji.

Uliniuliza swali mwishoni. Sina jibu, na usiniulize utakapofika.

Kurasa mbili nimezimaliza, Izak amezipeleka mjini. Nimeandika familia kumi na nane, kisima kabla ya shule, na kwamba udugu wetu na Waitila ulianza mwaka 1956 kwa uongo wa mwalimu mmoja, ukawa kweli kwa misago mia. Izak alitaka tuondoe mstari huo. "Usi, watu watasomaje hayo?" Nikamwambia wataanzia kushoto kwenda kulia.

Manu alikuja jana kunishukuru. Ana mabega ya babu yake na namna yake ya kusimama mlangoni bila kuingia. Nilimwambia aingie. Akaniita bibi. Nikashukuru kwamba sikuitwa dada.

Sasa sikiliza. Barua hii naituma na baharia wa meli ya leo ili ikukute kabla hujaondoka. Usije. Na kama baharia atakupa melini ukiwa umeshapanda, basi ukifika shuka, njoo nyumbani, ule sago yako, umkumbatie mjukuu wako, na siku ya Jumamosi ukae barazani kwa Izak unitazame nikipita. Ukitaka kunizomea, zomea, sauti yako nitaitambua hata kwa masikio haya. Lakini usitembee nami. Nimewaambia wakate majani ya mtu mmoja.

Posa ilikuja, ikawa yako. Watoto na wajukuu ni wako. Hata uongo wangu, kumbe uliushika upande mmoja miaka hamsini na mitano. Hii aibu, mdogo wangu, niachie nzima.

Dada yako,
Mina